Mashujaa wasio na masharti

Nimeirudia Heroes mwezi huu, sizoni zote nne, kwenye simu, usiku baada ya kazi. Sikuirudia kwa sababu ni tamthilia bora. Mpwa wangu wa kidato cha pili alinieleza kwamba hizi tamthilia za binadamu wenye nguvu za ajabu "zimeanza juzi tu", nami nikakumbuka kibanda umiza kimoja cha Kilwa Kivinje mwaka 2009: mabenchi ya mbao, shilingi 200 mlangoni, jenereta inakohoa nje, na mabishano ambayo sijayasikia tena popote, hata kwa wahakiki wanaolipwa.

Kwa ambaye haikumpitia: Heroes, yaani Mashujaa, ilibuniwa na Tim Kring na kuanza kuonyeshwa na NBC ya Marekani Septemba 2006, ikafutwa 2010. Watu wa kawaida, kila mmoja na nchi yake, wanagundua kwamba wana uwezo usioelezeka. Hiro Nakamura, karani wa Tokyo, anasimamisha saa na kutokea popote anapotaka. Claire, binti wa shule huko Texas, jeraha lake linajifunga lenyewe. Nathan Petrelli, mgombea wa Bunge, anapaa. Mdogo wake Peter, muuguzi, anachukua uwezo wa kila anayekuwa karibu naye. Na Sylar, fundi saa, anaiba uwezo wa wenzake kwa kuwapasua kichwa. Maelezo ya kisayansi yapo, mambo ya jeni na mageuko, anayatoa msomi kutoka India aitwaye Mohinder Suresh, kwa sauti ya hotuba. Kibandani kwetu mtafsiri alikuwa anayaruka yote.

Mtafsiri wenyewe ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, kipaza sauti chake kimefungwa selotepu. Kama wengi wa zama zile alikuwa mwanafunzi wa Lufufu kwa kusikiliza tu: kanda za Lufufu zilishatufundisha wote kwamba kutafsiri filamu maana yake ni kuisimulia upya, na ukiweza, kuitania. Yule mtu mweusi wa Haiti asiyetajwa jina, anayefuta kumbukumbu za watu na ambaye mwanzoni hasemi neno, akambatiza Bubu. Nathan akamwita Mheshimiwa. Mheshimiwa alipopaa mara ya kwanza ukumbi ulicheka mpaka filamu ikasimamishwa, maana pwani hii mtu anayeruka angani tunajua jina lake, na huyu tena hana hata ungo. "Mgombea mchawi!" mtu akapiga kelele. "Kwani kuna asiye mchawi?" akajibiwa.

Kila mtu alikuwa na uwezo anaoutaka. Mvuvi mmoja alimtaka Bubu, ampeleke kwa mwenye duka akafute deni. Mimi, mwanafunzi wa chuo niliyekuja likizo, nilimtaka Hiro, na aliyesafiri barabara ya kusini miaka ile hahitaji kuuliza kwa nini. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilishafunguliwa tangu 2003, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, hakikuwa na lami. Masika basi linazama pale na abiria mnashuka kusukuma. Hiro angefumba macho Mbagala akafumbua Kivinje.

Lakini utani ukiisha ulikuja uhakiki, na ulikuwa mkali. Duniani maoni ya watazamaji yalishakubaliana: sizoni ya kwanza nzuri, iliyobaki imeharibika. Sizoni ya pili ilikatwa ikaishia sehemu 11 kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa Marekani, na Kring mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa hadithi kujikokota. Ya tatu ikarundika wabaya, ikafufua wafu. Kibandani walifika hapo hapo kwa njia yao wenyewe. Walisema: hawa watu hawana masharti.

Nieleze kidogo. Huku kwetu anayepewa kitu anapewa na mwiko wake. Mganga hatoi dawa tupu. Usile hiki, usipite pale, usilale na mke siku saba. Uwezo bila sharti ni mali ya wizi, au ni uongo. Ndiyo maana mtu pekee aliyeheshimika kibandani katika sehemu za mwanzo alikuwa Isaac Mendez, mchoraji anayechora mambo yajayo, kwa sababu bila heroini hawezi kuchora. Anaona kesho kwa kuiharibu leo yake. Hilo lilieleweka bila tafsiri. Baadaye akajifunza kuchora bila heroini, na heshima ikaisha palepale. "Sasa huyu naye kawa wa bure," alisema mvuvi wangu wa madeni. Peter ndiye aliyewachosha kabisa. Anaokota uwezo kama anaokota embe chini ya mti wa jirani, halafu anashangaa tumbo likimuuma.

Nilikubaliana nao. Nikarudi Dar, nikaandika makala ya chuo kuhusu jambo hilo, nikapata alama nzuri, na kwa miaka mingi nimekuwa nikirudia hoja ile ile kila nikiulizwa kuhusu hizi kazi: uwezo usio na gharama hauzai hadithi. Bado ni hoja nzuri. Ila makala ile niliiandika nikiwa nimeacha kitu nje kwa makusudi.

Usiku wa sehemu ya mwisho ya sizoni ya kwanza alikuwepo mzee, babu wa upande wa mama, ameshuka kutoka Nandete kuja hospitali. Alikaa nyuma, koti begani, hakuuliza kitu. Filamu ikafika uwanjani New York. Matt Parkman, yule polisi anayesikia mawazo ya watu, anamfyatulia Sylar bastola. Sylar ananyanyua mkono. Risasi zinasimama hewani, halafu zinageuka na kumrudia aliyezipiga. Kibanda kililipuka, mabenchi yakapinduka. Mtafsiri alipiga mayowe bila kutafsiri chochote.

Kelele ziliposhuka mzee akaniuliza, kwa utulivu tu: "Mjukuu wangu, huyo aliyepigwa, watasema kavunja sharti gani?"

Sikumjibu. Nandete si jina dogo. Ni pale Wamatumbi walipong'oa pamba ya Wajerumani Julai 1905, vita vya Majimaji vikaanza. Maji yenyewe yalitoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, naye alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule, kabla vita havijasambaa. Maji yalikuwa ya kugeuza risasi za Mjerumani ziwe maji, na yalikuja na masharti: kujiepusha na wanawake, kutopora mali. Mwisho wa Agosti maelfu waliikabili boma ya Mahenge na bunduki za rashasha zikawafyeka. Waliokufa katika vita na njaa iliyofuata wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Na kila aliyeanguka kulikuwa na jibu tayari: alivunja mwiko. Alilala na mwanamke, alichukua mbuzi wa mtu. Dawa haina kosa, kosa ni la maiti.

Kwa hiyo wakati sisi vijana tunalalamika kwamba Wamarekani hawana masharti, mzee alikuwa anatoka kijiji ambacho masharti yalibaki kama hukumu juu ya wafu wake. Na kibanda chenyewe kilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Mwembe Kinyonga, walikonyongewa wapiganaji wa vita ile ile. Hilo sikuliandika chuoni. Niliona litaharibu hoja.

Aliyeliandika kabla yangu, na vizuri kuliko yeyote, ni mtu wa pwani hii hii, Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya 1969. Tamthiliya ile husomwa shuleni kama hadithi ya umoja, na mwalimu akishasema umoja kengele inagonga. Ukiisoma baada ya sehemu zaidi ya sabini za Heroes unaona kitu kingine. Kinjeketile wa Hussein anapokea nguvu asiyokuwa na hakika nayo, anaanza kuishuku mwenyewe, anamfunulia Kitunda, na tayari amechelewa: watu wameshaichukua, imekuwa kubwa kumshinda. Mwishoni Wajerumani wanamtaka aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa ajili ya watakaozaliwa. Hakuna risasi hata moja inayosimama hewani, na huwezi kupumua.

Heroes ilikuwa na nafasi ya kufika huko. Sizoni ya tatu inampeleka Parkman jangwani Afrika, kwa mchoraji wa mambo yajayo aitwaye Usutu, ameigizwa na Ntare Guma Mbaho Mwine, Mmarekani wa asili ya Uganda. Tulishangilia. Mtu wetu, hatimaye, na anajua kuliko wote! Akakatwa kichwa, hadithi ikaendelea na wenyewe. Nikiitazama sasa namfikiria Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, ambaye familia yake bado inakitafuta kichwa chake Ujerumani. Waandishi wa Heroes hawakuwaza hivyo, najua. Lakini mtazamaji haachi kichwa chake mlangoni pamoja na ile shilingi 200.

Safari hii nimeitazama upya ile sehemu ya uwanjani, polepole. Parkman analala chini anavuja damu. Hakuna anayemwambia alikosea. Wanamchukua kumtibu, na sizoni ya pili yuko kazini New York, analea mtoto yatima. Mwaka 2009 niliandika kwamba huo ni udhaifu wa uandishi, mtu anapigwa risasi halafu hakuna kinachodaiwa kwake. Sasa ni moja ya mambo machache katika tamthilia ile ambayo ningependa babu angeyaona. Alirudi Nandete kabla mtafsiri hajapata diski ya sizoni ya pili.

Kama una nafasi ya sizoni moja tu, tazama ya kwanza, sehemu 23, na uachie hapo. Ile ya kufufua ya 2015, Heroes Reborn, usijisumbue. Mpwa wangu kaishia sehemu ya tisa. Anasema Hiro anaongea sana.