Kibao cha Stesheni na Uaminifu wa Herufi: Uhakiki wa Reli za Mfano

Katika mji wa Conwy, kaskazini mwa Wales, stesheni ya gari la moshi ilifungwa mwaka 1966 ikiitwa Conway, kwa tahajia ya Kiingereza. Ilipofunguliwa tena mwaka 1987 jina lake liliandikwa kwa tahajia ya Kiwelisi: Conwy. Mahali ni pale pale na reli ni ile ile. Lakini mtu atakayeunda mfano mdogo wa stesheni hiyo, akachagua mwaka 1960 kuwa wakati wa mfano wake, kisha akaandika CONWY juu ya kibao chenye rangi ya damu ya mzee, atakuwa ameunda kitu ambacho hakikupata kuwapo. Rangi ni ya kweli, herufi huenda zikawa za kweli, na jina pia ni la kweli. Uongo umo katika kuyakutanisha.

Mfano huo unaonyesha kwamba kazi ya kuandika upya vibao vya stesheni za kale kwa ajili ya reli za mfano, ambayo wengi huiona kuwa mchezo wa wakati wa mapumziko, ni kazi ya matini, na kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kama matini nyingine. Nchini Uingereza sababu ya kuihakiki ni nzito zaidi. Ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363. Si zote zilizofungwa, lakini nyingi zilitoweka, na vibao vyake vikaangukia mikononi mwa wakusanyaji au vikatupwa pamoja na vyuma chakavu. Basi, kwa stesheni kadha wa kadha, mfano uliowekwa juu ya meza umekuwa shahidi anayeonekana na watu wengi kuliko picha zilizohifadhiwa. Mwenye kuuunda amechukua nafasi ya mnakili wa muswada ambao asili yake imepotea. Akikosea yeye, watazamaji wengi hawatakuwa na njia ya kumsahihisha.

Historia ya herufi zenyewe ina hatua zinazojulikana vizuri. Tangu mwaka 1923 hadi 1947 reli nyingi za Uingereza zilikuwa chini ya kampuni kubwa nne, na kila moja ilikuwa na desturi yake. Kampuni ya Great Western ilitumia herufi za chuma cha kusubu zilizokazwa kwa skrubu juu ya mbao. Kampuni ya London, Midland and Scottish iliweka vibao vya manjano vyenye herufi nyeusi. Kampuni ya London and North Eastern, mwaka 1929, ilichagua herufi za Gill Sans, ambazo Eric Gill alikuwa amezisanifu na kampuni ya Monotype kuzitoa mwaka 1928. Reli zilipotaifishwa mwaka 1948, shirika jipya la British Railways lilifuata umbo la Gill Sans katika vibao vyake vya enameli, likagawa nchi katika kanda sita, na kila kanda ikapata rangi yake: kijani kusini, kahawia magharibi, buluu iliyokolea mashariki, rangi ya chungwa kaskazini-mashariki, samawati Uskoti, na damu ya mzee katika kanda ya London Midland, iliyokuwa na Conway ndani yake. Mwaka 1965 zikaja herufi za Rail Alphabet, kazi ya Jock Kinneir na Margaret Calvert: nyeusi juu ya nyeupe, zikichanganya herufi kubwa na ndogo.

Kosa la kwanza la waundaji wa leo linatokana na kuzijua hatua hizo kwa majina tu. Mtu husoma kwamba kibao cha mwaka 1950 kiliandikwa kwa Gill Sans, hufungua kompyuta yake, huchagua jina hilo katika orodha, na kuiona kazi imekwisha. Lakini herufi za kompyuta zimepangwa kwa ajili ya ukurasa, na nafasi kati ya herufi moja na nyingine imekadiriwa kwa mistari ya maandishi yanayosomwa kwa karibu. Mwandishi wa kibao alikuwa na tatizo jingine. Bati lake lilikuwa na urefu wa futi 3, liwe la jina fupi au refu. Jina fupi lilipumua, na jina refu lilibanwa hadi likaenea. Katika kipimo kinachopendwa zaidi huko, ambamo milimita 4 husimama badala ya futi moja, bati hilo huwa na urefu wa milimita 12, na herufi zake hazifiki hata milimita 2. Mashine ya kuchapa yenye nukta 600 kwa inchi haina zaidi ya nukta 24 za kugawa katika kila milimita. Katika udogo huo jicho haliwezi tena kupambanua ncha ya herufi, lakini bado linaona nafasi, na nafasi iliyokosewa hudhihirika kabla ya kosa lolote la umbo. Kwa sababu hiyo muundaji makini huanza na picha ya kibao chenyewe: hupima kimo cha herufi kwa kukilinganisha na kimo cha bati, hupanga herufi moja moja, kisha hupunguza. Na kwa kuwa mashine ya kawaida haina wino mweupe, huchapa rangi ya bati peke yake na kuuacha weupe wa karatasi uwe herufi.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na hufanywa na waangalifu zaidi. Ni kule kuitakasa stesheni nzima ili kila kibao kiwe cha mwaka mmoja. Amri mpya ilipotolewa, vibao vya zamani havikuanguka siku hiyo hiyo. Bao la chuma cha kusubu liliweza kuendelea kusimama kwenye jukwaa miaka mingi baada ya mwaka 1948, huku bati jipya la enameli likining'inia kwenye nguzo ya taa hatua chache kando yake. Stesheni ilikuwa kama muswada ulioandikwa kwa mikono kadhaa. Mwenye kuuandika upya wote kwa mkono mmoja huufanya usomeke kwa urahisi, lakini huondoa ndani yake ule ushahidi uliomfanya mtu autafute.

Pana pingamizi ambalo ni haki kulisikiliza. Husemwa kwamba reli ya mfano ni burudani, si makumbusho, na kwamba mtu aliyeijenga kwa fedha na jasho lake anaweza kuandika apendavyo. Ni kweli. Hata hivyo, aandikaye mwaka chini ya mfano wake amekwisha kuahidi jambo kwa mtazamaji, na ahadi hiyo ndiyo inayohakikiwa. Asiyeandika mwaka hana deni.

Hapa ndipo suala la Conwy linapogusa isimu na kuacha kuwa la ufundi tu. Huenda aliyeandika CONWY juu ya bati la mwaka 1960 hakukosea kwa kutojua; huenda alitaka kukiheshimu Kiwelisi. Lakini heshima hiyo hukificha kile inachotaka kukitetea, kwa maana mtazamaji ataondoka akidhani kwamba mwaka 1960 msafiri alilakiwa kwa tahajia ya wenyeji. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mji huo uliitwa rasmi Elisabethville hadi mwaka 1966, mwaka ambao Jadotville ilikuwa Likasi na Albertville ikawa Kalemie. Mfano wa stesheni ya mwaka 1955 wenye jina la Lubumbashi ungewapendeza wengi, nao ungekuwa umelifuta tendo la kubadilisha jina, maana palipoandikwa jina jipya tangu mwanzo hapakuwa na la kubadilishwa. Tahajia ya mtawala ikiachwa pale ilipokuwa haimsifu mtawala, inamshuhudia. Muundaji wa Conway anayeiacha ile A mahali pake, katika herufi isiyofika milimita 2, amekitendea Kiwelisi haki kuliko yule aliyeiondoa.