507 ya Elvis Ilistahili Nyekundu

Picha mmeziona. Agosti 2016, kwenye nyasi za maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California, BMW 507 yenye chesisi namba 70079 imeegeshwa juani: nyeupe pe, kromu inang'aa, ndani viti vyeusi na vyeupe, ringi za Rudge zenye nati moja ya katikati. Kazi ya karibu miaka miwili ya BMW Group Classic mjini Munich ilikuwa imekamilika, na magazeti yote ya magari yalipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Kazi ya mikono ilikuwa ya daraja la juu kabisa, lakini rangi ilikuwa ya gari jingine.

Nimalize kwanza yaliyofanywa vizuri, maana hayana ubishi. Bodi ya alumini ilitenganishwa na sakafu, rangi za zamani zikayeyushwa kwa dawa, sakafu mpya ikafuliwa, dashibodi ikaundwa upya, V8 ya lita 3.2 ikaunganishwa kutokana na spea, na vishikio vya milango pamoja na vipini vya kuzungushia vioo vikatolewa kwa printa ya 3D. Hongera zao.

Sasa rangi.

Historia ya gari hili mnaijua, lakini naomba tuipitie kwa jicho la fundi, tumwache mpenzi wa muziki akae pembeni. Lilianza maisha kama gari la maonyesho, na Hans Stuck, mkongwe wa mbio za milimani, alilikimbiza. Desemba 1958 likaingia mikononi mwa askari wa Jeshi la Marekani aliyekuwa Ujerumani, Elvis Presley. Lilikuwa jeupe. Wasichana wakawa wanaliandika ujumbe kwa rangi ya mdomo kila lilipoegeshwa, hadi mwenyewe akachoka, akaagiza lipakwe nyekundu ili maandishi yasionekane. Mwaka 1960 likavuka bahari kwenda Marekani na huko likamtoka mikononi. Likafika kwa Tommy Charles, mtangazaji wa redio wa Alabama, ambaye aling'oa injini na kutia V8 ya Chevrolet ili akashindane. Mwaka 1968 likanunuliwa na Jack Castor, mhandisi wa vyombo vya anga, ambaye aliliendesha kwa muda, kisha akaliweka ghalani Half Moon Bay, California, jirani na maboga, akawa anakusanya spea taratibu kwa ajili ya siku ya kulifufua. Baada ya kusoma makala ya mwandishi Jackie Jouret kuhusu 507 ya Elvis iliyopotea ndipo akajitokeza, na namba za chesisi zikamaliza ubishi.

Kila anayekarabati gari la zamani, awe Munich na wahandisi wake au awe uani kwake na spana za kuazima, analazimika kujibu swali moja kabla hajafungua bolti hata moja: gari hili nalirudisha siku gani? Magari hayana umri mmoja. 507 hii ilikuwa na siku ya Stuck, siku ya kukabidhiwa Elvis, siku ya nyekundu, siku za Alabama, na miongo ya Castor. Munich wakachagua siku ya makabidhiano, Desemba 1958, wakasema hapo ndipo palipo uhalisi.

Hapo ndipo walipoteleza. Hebu tuhesabu kilichobaki cha siku hiyo. Injini si ile. Ya 1958 ilitolewa Marekani na haikurudi. Giaboksi si ile. Sakafu ni mpya. Vishikio vya milango vimezaliwa kwenye kompyuta. Kilichobaki cha kweli ni maganda ya bodi, namba ya chesisi na historia. Sasa, ukishakubali kwamba sehemu kubwa ya chuma ni mpya, na mimi nakubali kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, huwezi tena kukimbilia neno "uhalisi wa kiwandani" ili kuitetea nyeupe. Uhalisi huo uliondoka na injini. Unachokarabati ni ushahidi wa mtu. Na mtu huyo alifanya nini kwenye gari? Mstari wa bodi ni wa Albrecht von Goertz. V8 ni ya wahandisi wa Munich. Sifa za mbio ni za Stuck. Tendo moja tu la Elvis liliacha alama inayoonekana kwa macho, nalo ni kulipaka nyekundu. Wameifuta hiyo, kisha wakaandika jina lake kwenye kibao.

Kumbukeni pia kwamba 507 hazifiki 260 duniani. Muuzaji Max Hoffman wa New York alitaka gari la kuuzwa dola 5,000 hivi, gharama zikapanda karibu mara mbili, na kufikia mwisho wa 1959 BMW yenyewe ilikuwa inakaribia kumezwa na Daimler-Benz. Kwa hiyo 507 yoyote ni adimu. Lakini nyeupe unaweza kuikuta kwingine. Nyekundu iliyopakwa ili kumkinga mwanamuziki na midomo ya mashabiki ilikuwa moja tu, na haipo tena. Kulirudisha gari hili kwenye nyeupe ni sawa na kumpaka mzee piko ili afanane na picha ya kitambulisho chake cha kwanza.

Watetezi wana hoja zao, nami nimezisikia hadi masikio yamechoka. Ya kwanza, kwamba kumbukumbu za kiwanda zinasema nyeupe. Ndiyo, zinasema gari lilitokaje kiwandani. Hazikuandikwa kueleza liliishije. Ya pili, kwamba Castor mwenyewe alitaka likarabatiwe na alikuwa na mawazo yake juu ya namna ya kufanya kazi. Ni kweli, na ni huzuni kwamba alifariki Novemba 2014 bila kuliona likiwa zima. Simgombezi marehemu, ambaye bila uvumilivu wake kusingekuwa na gari la kubishania. Lakini BMW Group Classic ndio wenye makumbusho, wenye kumbukumbu na wenye dhamana ya kumwambia mwenye gari, "Mzee, hapa tufikirie tena." Mwaka huohuo wa 2014 walikuwa wamelionesha Munich kama lilivyookotwa, na wageni wakajipanga kulitazama likiwa chakavu vilevile. Walikuwa na jibu mbele ya macho yao.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu hata huku kwetu imeanza kuingia: kwamba waamuzi wa maonyesho ya magari ya kale hutaka hali ya kiwandani. Nimeshawaandikia hawa ndugu mara nyingi. Wanapima gari kwa karatasi. Wanapiga magoti kutafuta alama ya chaki ya mkaguzi wa kiwanda, na wakiikuta bolti yenye rangi tofauti wanakunja uso kana kwamba wametukanwa. Gari lililoendeshwa miaka 40 linapewa alama chache kuliko lililofungiwa ndani ya turubai. Ajabu ni kwamba Pebble Beach wenyewe wana kundi maalumu la magari ambayo hayajakarabatiwa kabisa, yenye nyufa zake na ngozi zilizochanika, na yanapewa heshima kamili. Kwa hiyo hata kisingizio cha waamuzi hakisimami.

Mtaniuliza: kama alama za wenye gari ni historia, mbona simtetei Charles na Chevrolet yake? Swali zuri. Elvis aliongeza tabaka la rangi juu ya lililokuwepo, hakuondoa kitu. Charles aling'oa injini, na injini ikapotea. Aliyeongeza unaweza kumheshimu bila kupoteza cha mwenzake, lakini aliyeng'oa amemnyang'anya kila atakayekuja baada yake. Kuirudisha V8 ya BMW ilikuwa uamuzi sahihi, na sina la kuongeza hapo.

Lakini kwa kuwa tumegusa injini za kigeni, mtanivumilia. Ninyi mnaotoa injini ya M20 kwenye BMW E30 na kutia 1JZ ya Toyota kwa sababu "spea zipo Kariakoo", nawaelewa mfuko wenu, ila msiniite nije kulisifia gari. Kama ni kiu ya nguvu, tazameni walivyofanya Afrika Kusini. Kiwanda cha Rosslyn, kati ya 1985 na 1987, kwa kushirikiana na Alpina, kilitia injini ya M30 ya lita 3.2 ndani ya E30 ya milango miwili, kikaiita 333i. Zilijengwa 204 tu. Chumba cha injini kilijaa hadi mnunuzi akawa anaulizwa achague: kiyoyozi au usukani wa pawa, kimoja tu. Hiyo ndiyo injini kubwa ya ndugu wa damu, iliyowekwa na watu waliojua mzigo wa mbele utafanya nini kwenye kona.

Ukitaka kuona 507 iliyotendewa haki, mwangalie John Surtees. Alipata yake 1957, akisaidiwa na bosi wake wa mbio, Count Agusta, baada ya ubingwa wa dunia wa pikipiki wa 1956. Surtees, ambaye hadi leo ndiye mtu pekee aliyetwaa ubingwa wa dunia kwa pikipiki za 500cc na baadaye kwa Formula One, hakulifanya gari lile kuwa la kabati. Aliona breki za dramu hazitoshi, akashirikiana na Alex von Falkenhausen wa BMW kutia diski za Dunlop magurudumu ya mbele. Je, karatasi za kiwanda zilisema diski? Hazikusema. Kuna mwenye akili aliyemwambia arudishe dramu? Alikaa nalo hadi alipofariki Machi 2017, karibu miaka 60, na mwaka uliofuata Bonhams wakalipiga mnada Goodwood kwa zaidi ya pauni milioni 3.8. Wanunuzi walilipia gari lenye diski za Surtees, na wangelia kama mtu angezitoa ili "kulirudisha". Kizazi cha Falkenhausen kilijua kwamba gari huboreshwa na mtu anayeliendesha, na kwamba alama ya mkono wake ni sehemu ya gari. Waliokuja baada yao wana vyumba visivyo na vumbi na printa za 3D, lakini busara hiyo sijaiona Pebble Beach.

Na wasiseme kwamba BMW Group Classic haijui tofauti. Katikati ya miaka ya 2000, ikiwa bado inaitwa Mobile Tradition, ilijenga 2002tii nzima kutoka kwenye rafu za spea, kuanzia ganda jipya la bodi hadi skrubu ya mwisho. Hiyo niliisifia, na bado naisifia. Gari lile halikuwa na mwenyewe wa zamani. Siku yake ya kwanza ndiyo ilikuwa siku yake pekee, na hali ya kiwandani ilikuwa haki yake. Kosa lilikuwa kuchukua mwendo uleule na kuutumia kwa gari lenye wenyewe watatu wenye majina.

Kinachonikera ni kwamba uamuzi wa Munich una wafuasi hadi vichochoroni kwetu. Siku hizi ukimpelekea mpiga rangi E30 au E28, kabla hujazima injini ameshapendekeza nyeupe ya lulu, puti tele kwenye kingo za matairi, na kibandiko cha M kwenye buti. Ukimwachia fundi wa injini, anatoa thermostati "ili isichemke", bila kukuuliza. Gereji moja ilinifanyia hivyo, na nilikuja kugundua kwa sindano ya joto iliyokataa kupanda asubuhi ya baridi. Injini ya M20 inataka ifike joto lake haraka. Ikiendeshwa baridi inakunywa mafuta na kujila kuta za silinda. Kama inachemka, tatizo ni rejeta iliyoziba, pampu ya maji au feni, na dawa yake si kung'oa kifaa kilichowekwa na waliojua wanachofanya. Fundi huyohuyo atauacha mkanda wa taiming miaka kumi, na mkanda wa M20 ukikatika vali zinakutana na pistoni. Yanayotakiwa kubadilishwa wanayaacha, na yanayotakiwa kuachwa wanayabadilisha.

Hukumu yangu juu ya 70079 haijabadilika tangu picha zile zitoke: injini sahihi, sakafu sahihi, dashibodi sahihi, rangi makosa. Na kati ya yote hayo, rangi ndiyo rahisi kurekebishwa. Alumini ile imeshanyooshwa, msingi wake ni safi, na Munich hawakosi wapiga rangi. Walipake nyekundu.

Nanyi wenye E30 mnaopanga kupiga rangi mwaka huu: fungueni boneti, mtafute kibandiko chenye namba ya rangi juu ya mnara wa shokamzoba, muinakili. Kisha fungueni trimu ya buti na mkwangue kidogo mahali pasipoonekana, mhesabu matabaka, mpige picha kila moja kwenye mwanga wa jua. Ikiwa tabaka la pili ni la mzee aliyewaachia gari, muulizeni yeye au mama kwa nini alilipaka. Mpiga rangi mpigieni simu baada ya hapo.