Kuchomoa Diski Sahihi

Fundi hodari wa hifadhi ya mtandao utamjua kwa kutokuwa na papara. Diski moja kati ya nne imekufa, mashine inalia, taa imegeuka nyekundu. Yeye hagusi trei yoyote. Anauliza kwanza bakapu ya mwisho ilichukuliwa lini, kisha anafungua mafaili mawili matatu humo ajiridhishe kwamba yanasomeka.

Wakati huohuo watu ofisini wanaendelea na kazi zao, na hilo ni tunda la hesabu nyepesi ajabu. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitetea wazo la kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zishike nafasi ya moja kubwa ya bei mbaya. Katika RAID 5, mojawapo ya mipangilio ya wazo hilo, kila safu ya data huongezewa pariti, tarakimu inayofanya idadi ya moja iwe shufwa. Diski tatu zikiwa na 1, 0, 1, pariti ni 0. Ya kwanza ikipotea, zinabaki 0, 1 na 0. Ile moja imekosa mwenzake, basi iliyopotea ilikuwa 1. Kila faili hurudishwa hivyo, tarakimu baada ya tarakimu. Sijachoka kuifurahia hesabu hii.

Ila huvumilia kifo kimoja tu. Ukichomoa diski nzima ukaiacha mbovu, hifadhi yote inaanguka. Fundi wetu haamini hata namba za trei, maana programu huweza kuanza kuhesabu na 0 ilhali kasha limeandikwa kuanzia 1. Anafuata namba ya utambulisho ya diski yenyewe: anaisoma kwenye skrini, anainakili, anailinganisha na lebo ya trei. Kama aliyemtangulia hakubandika lebo, anaomba ruhusa ya kuzima mashine, avute diski mojamoja azisome. Wengi huona anapoteza muda. Mimi naona hapo ndipo anapolipwa kihalali.

Diski mbovu ikiwa bado inazunguka, huivuta upana wa kidole tu, akasubiri mtetemo uishe kiganjani ndipo aitoe. Mpya lazima iwe na ujazo uleule au zaidi.

Kisha kuna kungoja data ijengwe upya kwenye diski hiyo mpya. Diski ya terabaiti 8, hata ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde, huchukua saa 11, na watu wakiwa kazini ni zaidi. Muda wote huo zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi zilinunuliwa siku moja na iliyokufa. Ndiyo maana anarudi kila mara kukagua taarifa zao za afya, hasa sekta zilizoanza kugoma kusomeka.

Ujenzi ukikamilika, anaamuru ukaguzi wa safu zote na kuandika tarehe kwenye lebo mpya. Ile mbovu haendi nayo jalalani: sahani zake bado zina vipande vya mishahara na barua za watu, kwa hiyo anaitoboa kwa drili kwanza.