Makosa Kumi: Summer League kwa Macho ya Wahitimu



Kila mwezi wa saba, wakati watoto wa Katana wako vakansi na vumbi ya barabara ya Kavumu imepanda mpaka juu ya majani ya migomba, simu zetu zinajaa video za vijana warefu wanaocheza basketi kule Las Vegas. Njo ile inaitwa NBA Summer League. Mmoja anatuma video, mwingine anaandika "uyu ni mutoto wetu", wa tatu anakata hukumu: "uyu hatafika". Yote hayo juu ya mechi moja, tena kipande cha dakika mbili.

Leo ninaomba tuichambue hii Summer League kama tunavyochambua kitabu ama filme: inasema nini, inaficha nini, na sisi huku tubakize nini. Maoni yangu niyatoe mapema. Kitu bora ndani yake si wale mastaa. Ni kanuni moja ndogo ambayo video hazionyeshi: mchezaji anaruhusiwa makosa kumi.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Mashindano haya ya Las Vegas yalianza mwaka wa 2004 na ekipe chache tu. Tangu 2018 ekipe zote 30 za NBA zinakwenda. Mechi inachukua dakika 40, si 48 kama za msimu wa kawaida, na zinachezwa katika sale mbili za chuo kikuu cha pale Las Vegas. Wanaocheza ni wale waliochaguliwa juzi katika drafti, wale wa mwaka wa pili, wale ambao hakuna aliyewachagua, na wengine waliotoka kucheza Ulaya ama China na bado wanatafuta mlango.

Kwa hiyo, ndugu zangu, wale ni wahitimu. Wamemaliza, wako na diploma mkononi, na wanapanga mstari. Sisi tunaojua kubeba farde ya makaratasi kutoka ofisi hadi ofisi Bukavu, tunaojua staji ya miezi sita isiyo na mshahara, tungepaswa kuwa watazamaji wazuri kuliko wote. Lakini hapana. Tunatazama kama wafanyabiashara wa ng'ombe.

Tuangalie hesabu. Kila ekipe ya NBA iko na nafasi 15 za mkataba kamili. Mara 30, ni nafasi 450, na karibu zote zimekwisha kujaa kabla mechi ya kwanza ya Las Vegas haijaanza. Tangu 2023 kila ekipe inaweza kuongeza watu watatu wa mkataba wa njia mbili, yaani mguu mmoja NBA, mguu mwingine ku G League, ile ligi ya chini. Hapo ni nafasi 90. Upande mwingine, vijana wanaokuja kutafuta ni mamia. Utaona kwamba wengi wanacheza juu ya nafasi ambayo haiko.

Na wale ambao kamera inawafuata? Wale wa juu ya drafti hawako kwenye mtihani hata kidogo. Aliyechaguliwa mzunguko wa kwanza anapewa mkataba wenye miaka miwili ya kwanza iliyohakikishwa. Akicheza vibaya Las Vegas, mshahara wake unafika tu. Anayetetemeka ni yule wa mwisho kwenye benchi, anayeingia dakika nne, na jina lake mtangazaji analisoma vibaya. Televisheni inatuuzia wale ambao mambo yao yamekwisha kutengenezwa, na inawaficha wale ambao maisha yao yanaamuliwa. Hii ndiyo lawama yangu ya kwanza.

Lawama ya pili ni hukumu za haraka. Tuchukue Wakongo wetu. Kuna jambo ambalo wengi hawalioni: Bismack Biyombo wa Lubumbashi mwaka wa 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa mwaka wa 2015, na Jonathan Kuminga, mutoto wa Goma, mwaka wa 2021, wote watatu walichaguliwa namba 7. Namba ileile, njia tatu mbalimbali.

Biyombo hakupita Summer League kabisa mwaka wake wa kwanza, juu mwaka ule NBA ilifungwa kwa ugomvi wa mikataba na mashindano yakafutwa. Je, ilimzuia? Alicheza zaidi ya miaka kumi, na mwaka wa 2022 akatangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu ule anautoa kujenga hospitali huku kwetu Kongo, kwa kumbukumbu ya baba yake. Kuminga alipita Las Vegas, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 19, akawa bingwa na Golden State. Mudiay alikuwa na kelele nyingi kuliko wote wawili. Mwaka wa 2021, miaka sita baada ya kuchaguliwa, alikuwa tena Las Vegas amevaa jezi ya Portland, anatafuta kazi kati ya vijana waliotoka chuo jana. Baadaye akaenda Lithuania. Alikuwa na miaka 25.

Mtu akiniambia Mudiay "alishindwa", ninamuuliza: ni wangapi kati yetu, wenye diploma ya 2015, walikubali kurudi kwenye mstari mwaka wa 2021 mbele ya wadogo wao bila haya? Mimi ile jezi ya Portland ninaiheshimu.

Tena mifano ya kuharibu hukumu zetu iko mingi. Mwaka wa 2012 tuzo ya mchezaji bora wa Las Vegas iligawanywa kwa watu wawili: Damian Lillard na Josh Selby. Lillard kila mtu anamjua. Selby, kabla msimu ule haujaisha, alikuwa nje ya NBA. Mwaka wa 2023 Victor Wembanyama, Mfaransa mwenye damu ya Kongo kupitia baba yake, alifungua kwa kutupa mara 13 na kuingiza mara 2 tu. Usiku ule simu zilicheka. Mechi ya pili akatia pointi 27, na mwisho wa msimu akawa mchezaji mpya bora. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi mwaka wa 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani yote. Mwaka uliofuata majina 58 yakasomwa katika drafti, lake halikusomwa. Akachukua mkataba wa njia mbili na Indiana, akaendelea kuruka juu ya rebaundi kama vile hakuna aliyemtukana.

Sasa tufike kwenye yale makosa kumi. Katika basketi tunayocheza huku, makosa matano na unatoka. NBA ni sita. Las Vegas wameweka kumi. Kwa nini? Kwa sababu wanajua kijana anayekaa benchi hajifunzi kitu, na wao pia hawawezi kumjua. Wamekubali mechi iwe mbaya kidogo, yenye filimbi nyingi, ili mtu abaki ndani ya tereni. Tena si wachezaji peke yao wanaojifunza. Maarbitri wengi wanatoka ligi ya chini, na wao pia wanaangaliwa. Kocha mkuu wa kila ekipe mara nyingi anakaa pembeni na msaidizi wake ndiye anaongoza. Na ekipe ikipigwa siku ya kwanza, hairudi nyumbani: kila moja inahakikishiwa mechi zisizopungua tano.

Hapo njo ninataka tulinganishe na mashindano yetu ya vakansi, ya mpira kama ya basketi. Sisi tunapenda kutoana. Ekipe 16 zinajiandikisha, jioni ya mzunguko wa kwanza 8 zimekwisha kurudi nyumbani, na vakansi bado iko na wiki sita. Kocha anaweka wale watano anaowaamini tangu mwanzo mpaka mwisho, juu ya mbuzi ya zawadi. Mtoto wa miaka 14 akipoteza balo moja, uwanja mzima unapiga kelele "mutoshe uyu!" Anatoka, na mwaka ule wote hatashika balo tena. Tunachezesha fainali, lakini hatufundishi mtu.

Najua atakayenijibu: "Wale wako na pesa, sisi tuna kiwanja cha udongo na balo moja." Ni kweli. Lakini kuhakikishia kila ekipe mechi tano kunahitaji ratiba, si dola. Kumwachia mtoto makosa kumi kunahitaji kocha mwenye roho. Kumpa filimbi msichana wa mwaka wa tano sekondari ajifunze uarbitri, huku mkubwa mmoja amesimama pembeni, hakugharimu hata lita moja ya mafuta. Hapo pia tunaweza kuwapita wao, kwa sababu ile ligi ya Las Vegas ni ya wanaume, na wasichana wa kule hawana ya kwao ya namna ile: msimu wa WNBA wenyewe unachezwa miezi hiyohiyo. Mwadi Mabika wa Kinshasa alikuwa bingwa wa WNBA mwaka wa 2001 na 2002, lakini batoto banamuke wetu hatujawatajia jina lake.

Jibu lingine ninalolisikia ni kwamba Summer League inauza matumaini. Nalo nalikubali nusu. Hakuna aliyetengenezwa na siku kumi za Las Vegas. Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda kama mkimbizi, alichaguliwa namba 10 mwaka wa 2025. Kabla ya hapo alikuwa amecheza katika BAL, ligi ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka wa 2021, na moja ya ekipe zake ilikuwa City Oilers ya Kampala. Tena mpira wa kikapu aliuanza pale Uganda, si Marekani. Las Vegas ni siku ya kuvuna tu. Kulima kunafanyika mahali kama hapa.

Na kulima kwenyewe si mchezo kwetu. Tangu vita ilipofika Kavumu na Bukavu mwezi wa pili wa 2025, tunajua wote kijana wa miaka 15 asiye na la kufanya vakansi yote anatafutwa na nani, na anapewa nini mkononi. Mashindano yanayomtoa siku ya kwanza yanamrudisha barabarani siku ya kwanza. Yanayomweka tereni wiki sita yanampa wiki sita za kuitwa kwa jina lake na watu wanaomtakia mema.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wahitimu wa Katana ni fupi. Vakansi ijayo, kabla ya kutafuta mbuzi na kombe, tukae tuandike ratiba ya mechi tano kwa kila ekipe, wavulana na wasichana. Tuandike pia kwamba kila aliyejiandikisha lazima acheze, na makosa yahesabiwe mpaka kumi. Mwenye filimbi nyumbani ailete. Mimi nitashika kitabu cha pointi.