Edipode Njiapanda: Juu ya Kufundisha Visasili vya Kiyunani Voi

Mafundisho ya visasili vya Kiyunani kwa vijana huanza, mara nyingi, kwa orodha: Zeus mkuu wa miungu, Poseidon wa bahari, Athena wa hekima. Orodha yakaririka upesi, nayo ndiyo chanzo cha kosa. Neno "miungu" katika Kiswahili lina mzigo wake. Masikioni mwa Mwislamu, na mwa Mkristo pia, lanuka shirki. Basi kijana wa Voi hujifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba miungu ya Wayunani ni fasihi, na kwamba mafuvu ya wahenga yaliyowekwa zamani katika mapango ya milima ya Taita ni ushenzi. Hapana mwalimu atamkaye hayo, lakini mpango wa somo wayasema.

Ingefaa zaidi kuanza na Mfalme Edipode, tanzia ya Sophocles iliyofasiriwa na Samuel Mushi mwaka 1971. Hapo msiba watokana na pigo moja: mahali njia tatu zikutanapo Edipode, kwa hasira, amwua mzee asiyemjua. Voi nayo ni makutano ya njia za Mombasa, Nairobi na Taveta. Ramani ya Uyunani yaweza kungoja.

La maana ni hasira yenyewe. Grace Harris, katika kitabu chake cha 1978 juu ya dini ya Wataita, ameeleza kwamba hasira iliyofichika moyoni, ya jamaa au ya wahenga, ilisadikiwa kuleta maradhi na maafa. Dawa yake ilikuwa kutasa: mtu hutia kinywani funda la pombe, la maji ya miwa au la maji matupu, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuomba heri. Kijana aliyesimuliwa hayo na nyanya yake aingia Thebes kwa mlango wake mwenyewe.

Hata hivyo, kulinganisha si kusawazisha. Katika kutasa, maneno huponya. Katika Thebes, maneno yaangamiza, kwani Edipode amlaani muuaji asijue kuwa ajilaani mwenyewe. Mwalimu na akae hapo, hata kipindi kikiisha. Edipode angetasa nini, ikiwa kilichobaki si hasira bali doa? Wayunani waliliita miasma. Kwa Kiswahili naona "najisi" yafaa kuliko "dhambi", maana dhambi hutaka nia, na Edipode hakunuia kumwua baba yake.