Kucheza Mpira, Kucheza Ngoma

Wahakiki wa michezo ya kuigiza yenye nyimbo huyashughulikia maneno, wakausahau mwili wa mchezaji. Upungufu huo hudhihirika tuitazamapo High School Musical, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Kenny Ortega. Troy, nahodha wa mpira wa kikapu, anaona haya kuimba hadharani; ilhali timu yake yote inadunda mipira kwa mapigo ya muziki, na hakuna aonaye haya. Mpira ndio kibali chao.

Sehemu ya pili (2007) yathubutu zaidi. Chad, mwanamichezo, ashikilia kwamba yeye si mtu wa ngoma. Ryan, mpenzi wa jukwaa, amkabili katika uwanja wa besiboli, na kila mbio na kila pigo la gongo limepangwa kuwa hatua ya ngoma. Hatimaye twawaona wameketi pamoja, kila mmoja kavaa nguo za mwenziwe, wala hakuna anayelisemea jambo hilo.

Mfasiri wa Kiswahili atapata taabu hapa. Kwetu mpira huchezwa na ngoma huchezwa. Chad akisema tu “sichezi,” amejitoa hata uwanjani. Mpaka anaoutetea haumo katika kitenzi chetu.

Kwa wasichana filamu ni baridi. Ufundi wa Sharpay jukwaani wafanywa kiburi cha kuchekwa. Mvulana ajifunzaye kucheza husifiwa. Msichana aliyekwisha kujua hutiwa adabu.