Tundu la chandarua halishonwi kama kanga

Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi za Ifakara na vijiji vya Bonde la Kilombero huhamia mashambani. Chandarua hukunjwa pamoja na mkeka na sufuria, kikatundikwe kwenye kibanda cha fito au juu ya dungu. Mavuno yakiisha kinarudi nyumbani na majeraha yake: kimenaswa na fito, kimeguswa na moto wa koroboi, kimetafunwa na panya.

Bonde hili linakijua chandarua kuliko sehemu nyingi. Mwaka 1996 ulianza mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua na dawa ya kuvitibia vikiuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Ndiyo maana sindano ya mama shambani ni kazi ya afya.

Wataalamu hupima matundu kwa mwili: lisilopitisha kidole gumba, linalopita gumba lakini si ngumi, linalopita ngumi lakini si kichwa, na linalozidi kichwa. Fundi naye afuate kipimo hichohicho, maana kila saizi ina dawa yake.

Kosa la anayeanza ni kuvuta kingo mbili zikutane, apige bandi, akaze. Kwenye kanga inatosha, kwa sababu nyuzi zimebanana na mvuto unagawanyika. Chandarua ni matundu tangu kiwandani. Uzi ukikazwa, mzigo wote unaangukia ujiti mmoja mwembamba wa wavu, nao unakatika. Umeziba tundu moja na kufungua la pili pembeni. Methali ya ufa na ukuta hapa inafaa nusu tu, kwani ukuta hauvutwi kila usiku ukachomekwa chini ya godoro.

Tundu dogo kuliko gumba, libane kwa vidole na ulifunge fundo. Ukilifanyia hivyo tundu la ngumi, makunyanzi yatatawanyika kama miale na chandarua kitapungua urefu, pindo lisifike tena chini ya godoro.

Sasa tazama mpasuko wa msumari wa kitanda, ule wa pembe mbili. Chukua sindano nyembamba na uzi wa cherehani wa poliesta usiozidi urefu wa mkono, usije ukajisokota. Anzia kwenye pembe, kwa sababu ndiko mpasuko unakoendelea. Usichome ukingoni, ingia safu mbili au tatu ndani, penye njiti nzima. Piga bandi fupifupi, na kila baada ya mishono minne rudisha sindano nyuma mara moja. Kurudi huko ni kufuli: uzi ukikatika mahali pamoja, mshono wote haufumuki. Kaza mpaka kingo zigusane tu.

Tundu la kichwa linataka kiraka kilichokatwa kwenye chandarua kikuukuu, kizidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Shikiza pembe nne kwanza, ndipo uzungushe mshono wa blanketi, ule unaojifunga ukingoni kila unapochoma. Mshono huo pia unafaa tundu la moto, ila kingo zake zimeyeyuka na kuwa ngumu, zinavunjika. Chomea mbali nazo.

Ukimaliza, ingiza kiganja ndani, sukuma taratibu, tazama kwenye mwanga. Kitambaa chote kikinyooka pamoja, umegawanya mvuto. Mishono ikitangulia kukaza, fumua uanze upya. Kagua zaidi sehemu ya chini, kwa kuwa huko ndiko matundu mengi yanakoanzia, panapokwaruzana na kitanda.